Kuandika habari ya mtoto aliyefanyiwa ukatili bila kumtambulisha: mwongozo kamili kwa mwandishi wa habari

Kosa ni lilelile kila mara. Mwandishi anaandika "jina limehifadhiwa", kisha aya ya pili anataja kijiji, shule, darasa, kazi ya baba na kwamba mtoto huyo ni wa mwisho kuzaliwa. Jina limehifadhiwa kwa msomaji wa mbali, ambaye hakuwa na haja nalo. Jirani, mwalimu, muuza duka na wanafunzi wenzake wanamjua mtoto kabla hawajamaliza kusoma, na hao ndio atakaoishi nao.

Mwongozo huu ni kwa mwandishi wa mkoani, mtangazaji wa redio ya jamii na yeyote anayeendesha chaneli ya habari mtandaoni. Unahusu ubakaji, ulawiti, vipigo na mimba za utotoni, yaani habari ambazo ukikosea hapati hasara mwandishi, anapata hasara mtoto. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu uamuzi wa hatua ya tatu ukiukosea huwezi kuurekebisha ukifika hatua ya saba.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka ofisini

- Daftari la habari hii peke yake. Mtoto mpe herufi au namba tangu ukurasa wa kwanza. Jina lake halisi lisiandikwe humo wala kwenye simu yako.
- Namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto (inafanya kazi Tanzania na Kenya), pamoja na namba ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wa wilaya na ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kwa Kenya, tafuta ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo.
- Nakala ya sheria inayokuhusu: Sheria ya Mtoto ya 2009 kwa Tanzania Bara, ya 2011 kwa Zanzibar, ya 2022 kwa Kenya. Ongeza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (Tanzania 2022, Kenya 2019). Ile ya Tanzania inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti.
- Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania, au za Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya.
- Simu au kamera iliyozimwa kumbukumbu ya mahali.
- Mhariri mmoja atakayejua kila kitu. Mmoja tu, si kundi zima la WhatsApp la chumba cha habari.
- Nauli yako mwenyewe, ya kwenda na ya kurudi. Sababu yake utaiona hatua ya tisa.

## Hatua ya 1: Hakikisha mtoto amehudumiwa

Mara nyingi simu ya kwanza humfikia mwandishi kabla haijafika polisi. Mama mdogo, balozi wa nyumba kumi au mwalimu anakupigia kwa kuwa anaamini ukiandika, watu watashtuka. Swali lako la kwanza liwe: mtoto yuko wapi sasa, na ameshaonwa na daktari?

Sababu ni ya kitabibu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Ushahidi mwilini nao hupotea kwa kuoga na kufua nguo. Waelekeze hospitali na polisi; kwa Tanzania, polisi watawapa fomu yao namba tatu, PF3. Palipo na Kituo cha Mkono kwa Mkono waelekeze huko, maana daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja na mtoto hahitaji kusimulia upya kwenye kila dirisha.

Onyo: usimsafirishe mtoto kwa gari la ofisi huku kamera inarekodi. Kama gari lako ndilo pekee lililopo, mpeleke, kamera ibaki kwenye mkoba.

Umefaulu ikiwa: yupo mtu mzima mwenye wajibu wa kisheria anayejua kuhusu mtoto huyu, na si wewe peke yako.

## Hatua ya 2: Andika sentensi moja ya kwa nini habari hii itoke

Iandike kwenye daftari kabla hujahoji mtu. "Habari hii itoke kwa sababu..." Kinachofuata kikiwa "inasikitisha" au "watu wataisoma", huna habari bado. Una msiba wa familia ya watu.

Sababu ya kweli humgusa mwenye wajibu aliyeshindwa. Jalada limekaa polisi miezi bila kufika kwa mwendesha mashtaka. Mwalimu anayetuhumiwa kahamishwa shule badala ya kushtakiwa. Familia mbili zimeyamaliza nyumbani kwa fedha au ng'ombe, mtendaji akiwa shahidi. Hizo ni habari, na tazama: hakuna hata moja inayohitaji sura ya mtoto.

Sentensi hiyo ndiyo kipimo chako hadi mwisho. Kila taarifa utakayotaka kuiweka, iulize kama inaitumikia.

## Hatua ya 3: Amua utataja mtuhumiwa au uhusiano, si vyote viwili

Hapa ndipo waandishi wazuri hukwama. Mtuhumiwa ni baba, babu, mjomba au baba wa kambo. Ukitaja jina lake na ukasema ni baba, umemtaja mtoto. Ukitaja jina la mtuhumiwa bila uhusiano, watu wanajua anatuhumiwa kumdhuru mtoto, ila hawajui ni yupi. Ukitaja uhusiano bila jina, msomaji anaelewa kwamba hatari ilikuwa ndani ya nyumba, ila hajui nyumba gani.

Chagua kimoja. Mimi huchagua uhusiano, nikaacha jina, kesi inapokuwa bado ya tuhuma. Kwamba watoto hudhuriwa na watu wa nyumbani ni jambo ambalo jamii inapaswa kulisikia mara kwa mara, na jina la mtu mmoja haliongezi uelewa huo. Mshtakiwa akitiwa hatiani na akawa na cheo kinachomfikisha kwa watoto wengine, kama mwalimu, kocha au kiongozi wa dini, hapo jina lina uzito. Basi acha uhusiano, na hata mahali kosa lilipotendeka kama mahali hapo ni nyumbani kwake.

Kuna mtego mmoja ambao huwezi kuutegua peke yako. Gazeti lako linasema "baba wa miaka 41 wa wilaya fulani" bila jina. Redio ya jirani inataja jina bila kusema ni baba. Msomaji mmoja anaunganisha, basi. Kwa hiyo ongea na wenzako mlio mahakamani siku hiyo, au kupitia klabu ya waandishi ya mkoa, mkubaliane njia moja.

Onyo: hoja ya kwamba Kamanda wa Polisi wa Mkoa alitaja jina kwenye mkutano na waandishi haikukingi wewe, na haimkingi mtoto. Hali kadhalika jina lililokwisha kusambaa mitandaoni. Na kumbuka kwamba Tanzania Bara, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaelekeza ushahidi wa kesi za makosa ya kujamiiana usikilizwe faragha na usichapishwe kwenye vyombo vya habari. Ukiona milango ya mahakama imefungwa, usimvizie karani nje.

## Hatua ya 4: Pata ridhaa inayoeleweka

Ridhaa ya mtoto wa chini ya miaka 18 hutoka kwa mzazi au mlezi, lakini na mtoto naye aulizwe, kwa lugha ya umri wake. Akikataa, imekwisha, hata kama mzazi amekubali.

Mwambie mzazi mambo matatu kwa sauti: habari itatoka wapi, itabaki mtandaoni kwa miaka, na anaweza kubadili mawazo kabla haijachapishwa. Kisha mwombe akueleze yeye kile alichokubali. Akisema "nimekubali mtusaidie", bado hajaelewa. Anadhani wewe ni msaada wa serikali au shirika. Rudia.

Jihadhari na ridhaa ya aina mbili. Ya kwanza ni ya mzazi mwenye maslahi: aliyekwisha kupokea fedha za kuyamaliza, au anayemlinda mtuhumiwa ambaye ni mume wake. Hapo sauti ya afisa ustawi wa jamii ina uzito kuliko ya mzazi. Ya pili ni ya mzazi aliyekata tamaa, anayetaka sura ya mwanawe ionekane ili watu wachangie matibabu. Nia yake ni njema na huzuni yake ni ya kweli, lakini uamuzi wa kuchapisha ni wako. Usiuegemeze kwake.

Na usiweke namba yake ya simu kwenye habari ili watu watume mchango. Anayetuma fedha kwa simu huona jina la mwenye namba kabla ya kuthibitisha, kwa hiyo kila mchangiaji atajua jina la baba. Michango ielekezwe kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali au taasisi itakayokubali kuipokea.

## Hatua ya 5: Hoji watu wazima, mwache mtoto

Kanuni yangu ni nyepesi: mtoto hahojiwi kuhusu tukio. Si kwa upole, si kwa kificho, si "swali moja tu".

Zipo sababu mbili. Kusimulia upya humrudisha mtoto palepale alipoumizwa. Pili ni kesi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshikilia kwamba ushahidi bora wa kosa la kujamiiana hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Maana yake kesi nzima inaweza kusimama juu ya maneno ya mtoto huyu. Ukimrekodi leo akasema "jioni", na mahakamani akasema "usiku", wakili wa utetezi atakuwa na rekodi yako mkononi. Utakuwa umemsaidia mtuhumiwa.

Mhoji daktari kuhusu utaratibu, si kuhusu mwili wa mtoto. Mhoji polisi kuhusu jalada: lilifunguliwa lini, liko kwa nani, linangoja nini. Mhoji mzazi kuhusu milango aliyogonga na majibu aliyopewa. Mwalimu mhoji kuhusu shule inavyoshughulikia taarifa za ukatili kwa jumla, ila usimtajie mtoto, maana huenda hajui.

Mtoto mkubwa wa miaka 16 au 17 anayetaka mwenyewe kusema, akiwa na afisa ustawi pembeni, anaweza kuzungumzia alivyohudumiwa na anachotaka kibadilike. Tukio lenyewe halimo.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuandika habari nzima bila kumnukuu mtoto hata mara moja, na bado sentensi ya hatua ya pili imethibitika.

## Hatua ya 6: Fanya jaribio la jirani

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu habari nyingi. Chukua rasimu yako, kwenye ukurasa mpya wa daftari orodhesha kila taarifa inayomhusu mtoto, moja kwa kila mstari. Mfano huu nimeutunga, ila namna yake utaitambua:

*"Mtoto wa kike wa miaka tisa (jina limehifadhiwa), mwanafunzi wa darasa la tatu katika shule pekee ya msingi kijijini hapo, ambaye ni pacha, amebakwa na mwendesha bodaboda aliyekuwa akimpeleka shule kila asubuhi. Baba yake, fundi cherehani sokoni, alisema alipofika kituo cha polisi aliambiwa arudi Jumatatu."*

Orodha: jinsia, umri, darasa, shule, pacha, bodaboda ya kila asubuhi, kazi ya baba, mahali pa kazi. Sasa chukua watu wanne: mwalimu wa shule hiyo, muuza duka la karibu, kijana wa kijiweni na mwanafunzi mwenzake. Kwa kila mstari uliza, je, mmoja wao akijua hili tu, idadi ya watoto anaowafikiria inabaki wangapi?

"Pacha" peke yake imemaliza kazi. Bodaboda ya kila asubuhi imemaliza kazi. "Miaka tisa" peke yake haina madhara makubwa, lakini ikiungana na "fundi cherehani sokoni" anabaki mtoto mmoja. Hatari haimo katika taarifa moja moja, imo katika mbili au tatu zinapokutana.

Futa hadi wabaki watoto wengi. Kijiji kiwe wilaya, na wilaya ndogo iwe mkoa. Umri uwe "wa shule ya msingi". Kazi ya mzazi itoke, isipokuwa yenyewe ndiyo habari. Tarehe ya tukio iwe "mwezi uliopita". Rasimu inabaki hivi:

*"Polisi wanachunguza tuhuma za kubakwa kwa mtoto wa shule ya msingi mkoani hapa, na mtu mmoja anashikiliwa. Mzazi wa mtoto huyo alisema alipofika kituoni kutoa taarifa aliambiwa arudi Jumatatu."*

"Aliambiwa arudi Jumatatu" imebaki. Hiyo ndiyo sentensi yenye meno, na haimgusi mtoto. Ona pia kwamba "amebakwa na" imegeuka "tuhuma za kubakwa", kwa sababu mahakama haijasema. Mtu aliyekamatwa ni mtuhumiwa. Akisomewa mashtaka ni mshtakiwa. Mbakaji ni yule aliyetiwa hatiani, si kabla.

Usibadilishe taarifa kwa kudanganya. Kumfanya mvulana awe msichana, au kuhamishia tukio mkoa mwingine, ni uongo, na siku ukigundulika hata yale ya kweli uliyoandika hayataaminika. Punguza, usigeuze. Jina la kubuni ukilitumia, sema wazi kuwa ni la kubuni, na hakikisha si jina la mtoto mwingine wa hapo.

Onyo: jaribio hili lifanye kichwani na kwenye daftari. Usimpe mtu wa kijijini rasimu aisome akuambie kama anamtambua.

Umefaulu ikiwa: wasiomjua hawatamjua kwa kusoma, na wanaojua tayari hawatajifunza jambo jipya juu yake.

## Hatua ya 7: Picha, sauti na video

Mkanda mweusi juu ya macho haufichi mtu. Katuni juu ya uso haifichi mtu. Anayemfahamu mtoto humtambua kwa nywele, masikio, kovu la mguuni, namna anavyosimama na gauni lake la Idi au la Krismasi.

Picha ya mgongoni nayo ina mitego yake: sare ya shule na nembo yake, mlango uliopakwa rangi isiyo ya kawaida, namba ya nyumba, kanga ya mama aliyekaa pembeni. Kuonesha mama sura wazi huku mtoto amefichwa ni kazi bure.

Kwenye redio sauti ndiyo sura. Redio ya jamii husikilizwa na watu walewale wanaosalimiana na mzazi huyo kila siku. Kupotosha sauti kwa programu hakuondoi misemo yake wala lafudhi. Njia salama ni mtangazaji kusoma maneno ya mzazi kwa sauti yake mwenyewe, na kusema kwamba anasoma.

Unaweza kupiga nini, basi? Jengo la mahakama. Kibao cha Dawati la Jinsia. Daktari akieleza utaratibu wa matibabu. Barabara ndefu ya kufika hospitali ya wilaya, kama umbali ndio habari. Mchoro uliochorwa kwa ajili ya habari hii. Picha ya maktaba yenye watoto wengine wanaotambulika usiitumie kamwe, kwa kuwa utamgeuza mtoto wa watu kuwa mwathirika wa jambo lisilomhusu.

Picha ikitumwa kama faili huenda na kumbukumbu ya mahali ilipopigwa. Na ile halisi, kabla hujaificha sura, isiingie kwenye kundi lolote. Ikisha kuingia hapo haiko tena mikononi mwako.

## Hatua ya 8: Maneno na kichwa cha habari

Mtoto hafanyi mapenzi na mtu mzima. Hana "uhusiano" naye, "hakuingiliwa kimapenzi", "hakuharibiwa". Amebakwa au amelawitiwa, na kama kesi bado, ni tuhuma za kubakwa au kulawitiwa. Mavazi yake, saa aliyotembea na tabia yake shuleni havimo kwenye habari.

Soma kichwa cha habari mwenyewe kabla hakijatoka. Mara nyingi mwandishi huficha vizuri, kisha mtu wa mitandao anaweka kijiji kwenye kichwa ili kivute. Angalia na maneno ya utafutaji, anwani ya ukurasa na picha ya jalada ya video.

## Hatua ya 9: Bahasha, nauli na simu za usiku

Habari hizi hufuatwa na fedha. Ndugu wa mtuhumiwa atakuita pembeni akupe "ya maji". Shirika litakulipa nauli na posho ili litajwe. Mheshimiwa atapiga simu kuomba habari iuawe. Ndiyo maana ulitoka na nauli yako.

Kataa mbele ya mtu wa tatu inapowezekana, na mweleze mhariri siku hiyohiyo kwa maandishi: nani, lini, kiasi gani. Usikubali "kuirudisha baadaye". Ukipokea, hata usipoandika chochote, umempa mtuhumiwa neno la kusema mahakamani na mtaani, kwamba waandishi walinunuliwa na upande mmoja wapo.

Ikiwa ni vitisho, usiende tena eneo hilo peke yako. Mhariri ajue uko wapi na utarudi saa ngapi.

## Hatua ya 10: Siku ya kuchapisha na wiki zinazofuata

Funga maoni chini ya habari hii. Usipoyafunga, ndani ya muda mfupi mtu ataandika "huyu si mtoto wa fulani?" na kazi yote ya hatua ya sita imekwenda. Chombo chako kikikataa kuyafunga, mtu mmoja ayasome kabla hayajaonekana.

Mwambie mzazi siku na saa ya kutoka habari ili isimkute sokoni. Weka namba 116 mwisho wa habari.

Jina likivuja, hata kwa kosa la chombo kingine, usiandike habari ya kukanusha inayorudia jina hilo. Ondoa chako kwanza kama kina kosa, kisha wapigie simu walionakili kutoka kwako, mmoja mmoja, uwaombe waondoe. Mjulishe afisa ustawi wa jamii ili familia ipate msaada kabla maneno hayajawafikia.

Fuatilia jalada, usimfuatilie mtoto. Weka kwenye kalenda tarehe kesi inayofuata kutajwa, uende. Kesi nyingi za namna hii hufa kimya kwa mashahidi kutofika, na mwandishi anayeketi benchi la mahakama kila zinapotajwa huwafanya wenye wajibu wakumbuke kwamba kuna anayeangalia. Kesi ikiisha, kwa hukumu au kwa kuachiwa huru, andika mwisho wake kwa ukubwa uleule ulioandika mwanzo, kisha kurasa za daftari zinazoweza kumtambulisha mtoto zichane na kuzichoma, baada ya mhariri na mwanasheria wa chombo kukubali kwamba hazihitajiki tena.